Mtu wa Kukimbiwa

Bwana Chumvi aliajiriwa kwenye shamba lile mwaka daraja lilipochukuliwa na maji. La, tuseme kweli: daraja lilichukuliwa mwaka uliofuata, maana siku linachukuliwa yeye tayari alikuwa na buti za kazi, akavuka mto kwa miguu akiwa amezining'iniza shingoni kwa kamba zake, na mkewe akasema mwanamume anayebeba viatu badala ya viatu kumbeba yeye amekwisha kuwa mtumishi wa kweli. Basi ni mwaka mmoja kabla ya daraja. Wakati huo hakuwa Bwana Chumvi bado. Jina hilo alilipata baadaye, na halikumletea heri yote aliyoitarajia.

Siku hizo shamba lilikuwa la ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkavu kama ukuni, asiyependa kitu chochote chenye miguu minne ambacho hakikuwa na alama yake ya moto pajani. Swala wakionekana kwenye malisho, wafukuzwe. Punda milia wakinywa kwenye birika la ng'ombe, wafukuzwe. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza: kutembea kando ya uzio wa waya, kuziba matundu, na kufukuza. Bwana Chumvi alikuwa na sauti ya kufukuza ambayo Mungu hampi kila mtu. Akipiga ukelele mmoja, hata ngiri aliye shimoni huko mbali alijirudisha kinyumenyume.

Mzee mkavu akafa. Watoto wake waliishi mbali, na ng'ombe walikuwa wanawafahamu kwa njia ya maziwa tu, wakaona shamba ni mzigo, wakamuuzia Tajiri wa Magodoro. Huyu alikuwa na maduka ya magodoro mjini, na ilisemwa kwamba hakuna mtu aliyepata kulala mji ule bila kumtajirisha. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kupenda methali, hasa ile ya mtaka cha mvunguni sharti ainame, ambayo aliiona kama imetungwa kwa ajili ya biashara yake.

Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi mbele ya nyumba kubwa.

"Kuanzia leo," akasema, "hapa tunahifadhi."

"Tunahifadhi nini, bosi?" akauliza Bwana Chumvi.

"Wale mliokuwa mnawafukuza."

"Na ng'ombe?"

"Hao ndio mtawafukuza."

Na ikawa hivyo. Uzio ukabaki ule ule, matundu yale yale, mtu yule yule. Ila sasa aliyaziba akiwa amesimama upande wa pili. Akapewa sare ya rangi ya majani makavu na beji iliyoandikwa MHIFADHI MKUU, ingawa hakukuwa na mhifadhi mdogo. Mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa nyumba kubwa na hakuwahi kushindwa kwa maneno tangu azaliwe, akaigeuzageuza ile beji.

"Mkuu wa nani?"

"Wa uhifadhi."

"Na mshahara nao umekuwa mkuu?"

"Mshahara bado wanauhifadhi."

Basi Tajiri akaigeuza nyumba kubwa kuwa ya wageni. Akaongeza baraza refu lenye viti vya kamba, akapanga vyumba vyenye magodoro mazito kupita kiasi, akaweka kibao njiani: PORI HALISI. Wageni wakaja na miwani ya kuonea mbali. Wakakaa barazani wakanywa chai, wakatazama. Wakatazama mpaka chai ikapoa. Walichokiona kilikuwa mikia. Wanyama walikuwa wengi, hilo hakuna aliyelikana, lakini miaka yote ile ya kufukuzwa haikuwa imepotea bure. Bwana Chumvi akifungua kinywa kumwambia mgeni, "Tazama pale, swala," yule swala alikuwa ameshafika kwenye uzio wa mbali.

Tajiri akamwita pembeni.

"Wageni wangu wanalipa kuona nyuso. Wewe unawaonyesha makalio."

"Ni woga tu, bosi. Utawatoka."

"Utawatoka lini? Mimi godoro likimkataa mteja, nabadilisha godoro. Sitabadilisha mteja."

Bwana Chumvi alikwenda nyumbani akiwa na fikra. Nyumba yake ilikuwa ndani ya shamba, nyuma ya stoo ya mafuta, vyumba viwili vya matofali na uwazi wa mbele uliotazama bwawa. Alipenda kukaa pale. Alikuwa ameanza, bila kumwambia mtu, kuwapenda wale aliokuwa akiwafukuza, kama mtu anayegundua uzeeni kwamba jirani aliyekuwa akigombana naye alikuwa na hadithi nzuri. Na hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo alilisifu yeye mwenyewe kabla hajasifiwa na wengine.

"Mkono mtupu haulambwi," akamwambia mkewe.

"Umeanza kusema kama bosi."

"Nasema chumvi. Mnyama hana duka. Akikosa chumvi hula udongo. Tukimpa chumvi, atakuja mwenyewe."

Akanunuliwa mawe ya chumvi, yale makubwa ya kulamba ng'ombe. Akaweka la kwanza kule kichakani, akaondoka bila kuangalia nyuma. Asubuhi akakuta limelambwa likang'aa. Juma lililofuata akalisogeza kidogo kuja upande wa nyumba. Juma la pili akalisogeza tena. Ilikuwa kazi ya subira, kama kumtongoza binti wa mchungaji. Kabla mwaka haujaisha jiwe lilikuwa chini ya baraza, na nyumba kubwa ilikuwa imezungukwa na wanyama kama ofisi ya mikopo.

Ndipo akaitwa Bwana Chumvi, na akalipenda jina. Alitembea katikati ya swala kama mtu anayepita sokoni kwake. Ngiri walilala kivulini chini ya magari ya wageni, ikabidi kila gari likitaka kuondoka watu wapige magoti kwanza waangalie. Punda milia mmoja alizoea kukwaruza mgongo kwenye nguzo ya baraza, na nyumba nzima ikawa inatikisika wakati wa chai. Wageni walifurahi mno. Walipiga picha kwa karibu hivi kwamba nyingine hazikuonyesha kitu ila pua.

Lakini nyota ya shamba alikuwa pofu mmoja dume. Kwa asiyemjua pofu: ni mnyama mkubwa kama fahali wa kulimia, pembe zimesokotwa, na ngozi ya shingoni inaning'inia kama koti lililotundikwa vibaya. Pamoja na uzito wote ule ana uwezo wa kuruka uzio kama mbuzi. Kwa kawaida ni mwoga kuliko swala. Huyu alikuja siku moja kwenye dirisha la jikoni, akaingiza kichwa, akala kabichi iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya wageni, akabaki pale pale akitafuna na kumtazama mpishi kama anayesubiri chai.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema mke wa Bwana Chumvi. "Huyu ana mwezi sasa."

"Huyu si mgeni," akasema mumewe. "Anakuja bila kualikwa, anakula, hasemi kitu, haondoki. Huyu ni shemeji."

Ndugu wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa gari la wageni, na ambaye saa ile alikuwa ameketi kwenye ndoo jikoni mle mle na sahani mapajani, akaacha kutafuna.

"Dada, umesikia mumeo?"

"Nimesikia. Maliza kula."

Jina likashika. Shemeji wa kweli alilalamika kwamba watu wakiita hajui ni yeye au yule mwenye pembe, lakini alikuwa akiitika mara zote mbili, akihofia kisije kikawa chakula. Na yule mwenye pembe akamzoea Bwana Chumvi kuliko watu wote. Alimfuata kwenye uzio akikagua matundu. Alilamba chumvi kwenye kiganja chake kwa ulimi mkavu kama msasa, kisha akaegemeza kichwa chote begani pake, na Bwana Chumvi, ambaye hakuwa mtu wa nguvu, alisimama ameinama upande mmoja akijidai kwamba si kizito. Hapo, ukimuuliza, angekuambia kwamba uhifadhi ni urafiki. Aliwaambia wageni wote maneno hayo, na wengi waliyaandika.

Miaka ikapita hivyo, mizuri. Kisha akaja Afisa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kusafiri kwenye barabara mbovu. Ofisi yake ilitoa vibali kwa wenye mashamba binafsi waliotaka kufuga wanyamapori, na kibali cha Tajiri kilikuwa kinakaribia kwisha. Tajiri alimpokea kwa tabasamu kubwa. Bwana Chumvi alisimama kando na beji yake ameipiga msasa.

Afisa akashuka kwenye gari. Kabla mguu wa pili haujagusa ardhi, Shemeji alikuwa ameshafika, amenusa faili alilolikumbatia, na ameanza kulila kuanzia pembeni.

"Mwondoeni," akasema Afisa.

"Haumi, mheshimiwa," akasema Bwana Chumvi kwa fahari. "Ni mwenyeji hapa. Mkune tu chini ya kidevu."

Afisa hakumkuna. Alitazama ngiri waliokwisha kulala chini ya gari lake, akatazama swala waliokuwa wakilamba ngazi, akatazama kile kibao cha PORI HALISI ambacho punda milia alikuwa akikitumia kukunia sikio.

"Bwana mkubwa," akamwambia Tajiri, "kibali hiki ni cha wanyama wa porini."

"Ndio hawa."

"Kanuni inasema mnyama wa porini ni yule anayejitenga na binadamu. Nikimwendea kwa miguu, aondoke. Hawa nikiwaendea wananikaribisha. Hawa ni mifugo."

Tajiri akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Sasa tufanye nini?"

"Nitarudi mvua zikiisha. Nikikuta bado wako hivi, nitaandika mifugo. Mifugo ina ofisi yake, ina chanjo zake na machinjio yake. Si mimi ninayesema. Ni kanuni."

Alipoondoka, baada ya dereva wake kupiga magoti na kuwatoa ngiri, Tajiri alirudi kukaa barazani. Akasema, kwa upole ule ule wa kuuzia magodoro, kwamba yeye ni mfanyabiashara. Wakiandikwa mifugo, atawauza kama mifugo, kwa kilo, akianza na yule mkubwa, na shamba ataweka kuku. Nyumba ya nyuma ya stoo itavunjwa kupisha banda.

Bwana Chumvi aliisikia hukumu ile akiwa ameegemewa na huyo mkubwa mwenyewe.

Ikaitishwa mikutano. Tajiri alikuwa na mpwa wake aliyewahi kuhudhuria semina ya wanyamapori kwenye hoteli moja nzuri, na tangu hapo aliitwa Mshauri. Alikuja na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia humo.

"Tatizo," akasema Mshauri, "ni kwamba wanyama hawana woga. Suluhisho ni woga. Tutawafundisha kwa awamu."

"Tutawafundisha woga?" akauliza Bwana Chumvi.

"Kwa awamu."

"Mjomba wako ndiye aliyesema niutoe."

"Wakati ule uhifadhi ulikuwa hivyo," akasema Mshauri. "Sasa umebadilika."

Jiwe la chumvi likaondolewa. Wafanyakazi wote wakapewa madebe na filimbi, wakapangwa mstari nyuma ya baraza, na Mshauri alipoinua mkono wakatoka mbio wakipiga kelele. Swala wakainua vichwa. Kwa miaka yote ile, kelele mbele ya nyumba kubwa ilikuwa na maana moja tu: mpishi anamwaga maganda. Wakaja wote, na wengine ambao hawakuwa karibu wakatoka vichakani. Mfanyakazi mmoja alirudi hana filimbi. Dereva akaambiwa awafukuze kwa gari na apige honi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipeleka mawe ya chumvi kwa gari lile lile, na honi ile ile. Akarudi nyuma yake kuna msururu kama wa harusi.

"Shemeji," akasema Bwana Chumvi, "ulitumwa kuwafukuza."

"Nimewafukuza. Wamenifukuzia."

Lakini mnyama si mjinga, na chumvi haikuwepo tena. Madebe yaliendelea, mawe yakarushwa, juma baada ya juma, na kidogo kidogo swala wakaanza kukumbuka kazi yao ya zamani. Nyumbu nao wakafuata. Punda milia akaacha nguzo, nyumba ikaacha kutikisika. Hata ngiri wakarudi mashimoni, kwa kusitasita, kama wapangaji walioonewa. Mvua zilipokuwa zinakatika alibaki mmoja.

Shemeji aliona ni mchezo. Akipigiwa debe, alisogea kuangalia debe. Akirushiwa jiwe alilinusa, maana mawe yote aliyowahi kuletewa na watu yalikuwa ya chumvi. Mshauri alimkimbilia akiwa amevaa kinyago cha chui, akaishia kulambwa kinyago.

"Huyu," akasema Tajiri, "anatuuza."

"Atafukuzwa na mimi," akasema Bwana Chumvi.

Mkewe alisikia habari hiyo jikoni, akaendelea kumenya viazi.

"Utampiga?"

"Nitamtisha."

"Keshatishwa na chui."

"Ndiyo maana lazima iwe mimi. Wengine hawaamini."

"Hasara ya kuaminiwa hiyo," akasema mkewe. Akachukua kiazi kingine.

Asubuhi Bwana Chumvi alikwenda bwawani na kombeo. Shemeji alimwona, akaja kwa ule mwendo wake wa kizembe, magoti yakilia kama njugu, maana pofu dume akitembea magoti hulia hivyo. Bwana Chumvi akapiga ule ukelele wa zamani. Pofu akasimama, akazungusha masikio, akaja. Akarusha jiwe likapiga ubavuni. Akaja. Akarusha jingine likapiga bega. Akasita, akaja. Alipofika karibu kabisa akanyoosha shingo, akatafuta kiganja kwa pua, na Bwana Chumvi akampiga kwa fimbo hapo hapo, puani, mahali pale pale laini palipozoea kulambishwa. Akampiga tena. Alikuwa anapiga na anasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kufukuza kabisa, "Nenda, baba, nenda. Nenda bwana, watakula wewe."

Shemeji alimtazama. Kisha akageuka, akatembea, akaanza kukimbia, akauruka uzio wa ndani pasipo hata kuugusa.

Kesho yake Bwana Chumvi alipotokea tu kwenye kona ya stoo, yule dume alikuwa ameshaondoka. Na keshokutwa vilevile. Alimnusa upepo ukimletea, akakimbia kabla hajamwona.

"Amefaulu," akamwambia mkewe.

"Kula basi."

Hakula.

Afisa akarudi. Tajiri alivaa buti mpya, Mshauri alivaa mifuko mingine. Bwana Chumvi akaambiwa ashughulikie soda, kwa kuwa siku ya wageni wakubwa Mhifadhi Mkuu huwa hana kazi nyingine. Kundi likashuka kwa miguu kuelekea bwawani. Swala waliondoka vizuri, nyumbu wakaondoka kwa vumbi, Afisa akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo wakamkuta Shemeji amesimama kwenye majani, anatafuna.

Afisa akamwendea. Shemeji akamtazama. Afisa akasogea tena. Shemeji naye akasogea, upande wake. Walikuwa wanakutana katikati kama mabalozi. Mshauri alipiga makofi, pofu akageuza sikio moja. Tajiri alianza kuloa kwenye kola. Pofu akapita pembeni ya Afisa kwa heshima, akamwendea Tajiri, akaanza kupekua mfuko wa koti lake.

"Bwana mkubwa," akasema Afisa, "nasikitika."

Ni hapo Bwana Chumvi alipotokea juu ya kilima na kreti la soda begani. Upepo ulikuwa mgongoni mwake. Shemeji aliinua kichwa, pua ikatanuka, na kitambaa cha mfuko wa Tajiri bado kikiwa mdomoni akaondoka. Hakuondoka kwa kujitenga. Aliondoka kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoungua. Aliruka kichaka, akaruka uzio, akapotea, na wanyama wengine waliokuwa wamesimama mbali kuangalia, walipomwona mkubwa wao anakimbia vile, wakakimbia pia bila kuuliza. Dakika ile shamba zima lilikuwa tupu kama uwanja wa mpira baada ya mvua.

Kreti likatua chini.

"Hiyo," akasema Afisa, akiandika, "nimeiona."

"Alimkimbia nani?" aliuliza msaidizi wake.

"Binadamu," akasema Mshauri upesi.

Msaidizi alimtazama Bwana Chumvi kutoka buti hadi beji, kama anayehakikisha, akaafiki.

Kibali kikatoka. Ilitolewa hotuba barazani. Tajiri alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mshauri akasema mafanikio haya ni ya awamu, na Bwana Chumvi akapigiwa makofi. Kuku hawakuja. Nyumba ya nyuma ya stoo haikuvunjwa. Alichokuwa akikililia amekipata, na usiku ule alilala akijua kwamba wale wote watakuwepo kesho.

Walikuwepo. Ila hawakukaa.

Maana kibali kilipotundikwa ukutani, Tajiri alimwagiza dereva arudishe jiwe la chumvi, taratibu, maana wageni walikuwa wamepungua. Dereva akalirudisha. Wanyama wakaja, na wakaja wote, wakazungukia baraza kama zamani, ngiri chini ya magari, punda milia kwenye nguzo. Lakini Mhifadhi Mkuu akitokeza kichwa tu, Shemeji alikuwa anaruka, na yeye akiruka wote wanaruka. Mgeni mmoja alimwagikiwa chai. Mwingine aliangukiwa na kibao.

Tajiri akamwita pembeni.

"Unanionyesha makalio tena."

"Ni mimi tu wanayenikimbia, bosi."

"Najua. Ndiyo maana nakuhamisha wewe, siwahamishi wao. Nakupandisha cheo."

Akapelekwa mjini. Katika duka kubwa la magodoro, kati ya magodoro ya mtu mmoja na ya familia, aliwekewa meza, beji mpya iliyoandikwa BALOZI WA WANYAMAPORI, na nyuma yake picha ya Shemeji iliyofika darini. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wateja kwamba kila godoro wanalonunua linamsaidia mnyama. Wateja walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza kama lile la inchi nane linabonyea. Mkewe alibaki shambani, kwa sababu mpishi haombewi kibali, wakawa wanaonana Jumapili, yeye akishukia barabara kuu na mkewe akimfuata getini na chungu.

"Anakuulizia," mkewe alikuwa akisema.

"Nani?"

"Nani mwingine. Anaingiza kichwa dirishani, anaangalia jiko lote, anatoka."

"Ananitafuta anipishe."

"Mimi sijui pofu wanatafuta nini," akasema mkewe, akampa mwiko. "Kula, chakula hakikukimbii."

Lakini usidhani alisahauliwa. Kila mwaka, mvua zikiisha, siku ya Afisa kuja kukagua, gari la wageni lilisimama mbele ya duka la magodoro asubuhi, na dereva akapiga honi.

"Shemeji," alikuwa akiita, "panda. Leo unatakiwa."

Anapelekwa shambani akiwa amefunikwa turubai, wasije wakamnusa mapema. Anashushwa nyuma ya kilima, anapewa kreti la soda tupu, kwa kuwa Mshauri aliona kreti lilifanya kazi mara ya kwanza na si vizuri kubadilisha utaratibu uliothibitishwa. Mkono wa Mshauri ukiinuliwa, Bwana Chumvi anapanda kilima na kujitokeza. Shemeji, ambaye sasa ni mzee, mweusi shingoni, ananusa, anakimbia, na shamba zima linakimbia pamoja naye. Afisa anaandika. Bwana Chumvi anarudishwa mjini kabla ya chai. Nauli ni juu ya shamba.

Kisha mwaka mmoja pofu hakuruka uzio. Alijaribu, mguu wa nyuma ukagonga waya, akazunguka kwa shida akapita getini, na huko mbali akageuka kuangalia kama yule mtu bado amesimama. Alikuwa bado amesimama. Miguu yake mwenyewe Bwana Chumvi ilikuwa imeanza kumuuma kilimani, na kifua kilikuwa kinamfanyia mchezo. Mwaka huo alipanda akipumzika mara kwa mara, na Mshauri akamwambia awe anafanya mazoezi, maana anachelewesha ukaguzi.

Alishuka, safari hii bila kungoja turubai, akaenda moja kwa moja kwa Afisa. Alivua kofia.

"Mheshimiwa, nina swali dogo."

"Sema, mzee wangu."

Alimuuliza. Afisa alifunga faili, akatazama barabara mbovu inayomsubiri, akasema hilo labda liko kwenye ofisi nyingine. Bwana Chumvi akamuuliza Tajiri, na Tajiri akatafuta methali, akaikosa. Mshauri akasema wataliweka kwenye awamu ijayo. Dereva alisema shemeji, panda gari, jua linakwenda. Akamuuliza mkewe getini, Jumapili, na mkewe, ambaye alikuwa na jibu kwa kila kitu chini ya mbingu, alishika kile chungu akawa anakifuta kwa kanga sehemu ambayo ilikuwa safi tayari. Baadaye alikuwa akiliuliza dukani, kwa wateja, wakiwa wamelala chali kwenye magodoro wakiyajaribu, nao walitazama juu ile picha kubwa iliyofika darini. Lilikuwa swali la kawaida tu, la mtu wa kazi anayetaka kujua kazi yake itashikwa na nani:

"Siku nikifa, huyu atamkimbia nani?"